Waliotazama Kamera Niliwafuta

Nimechoka, na si kwa sababu ya kazi. Ualimu unamchosha kila mtu, hata anayeupenda, na huo uchovu nimeuzoea. Nikilala Ijumaa mchana unapungua. Huu mwingine haupungui. Ulianza Alhamisi moja hapa Katesh, na nikieleza ulivyoanza lazima nianzie Dar es Salaam, maana huko ndiko nilikojifunza ujinga wangu.

Nilikuwa chuoni nikaangukia kwenye kundi la wapiga picha wa mitaani. Jumapili asubuhi tulikutana Kariakoo, kila mmoja na kamera yake ya mtumba, tukatawanyika kwenye vichochoro mpaka saa nne. Tulipiga nyeusi na nyeupe tu. Mkubwa wetu, mzee aliyekuwa amepigia magazeti picha zamani, alituambia rangi ni kelele. Ukiondoa rangi, alisema, mtu analazimika kutazama umbo, kivuli na mwanga. Mimi nikaiseti kamera yangu ihifadhi nyeusi na nyeupe peke yake, sikuiondoa hapo tena.

Sheria ya pili ilikuwa usionekane. Mtu akikuona, picha imekufa. Tukimaliza tulikaa kwenye mgahawa mmoja, chai na chapati, tukapitishiana kamera. Ikitokea picha ambayo mtu ametazama lenzi, meza nzima inapiga kelele, "Pasipoti!" Hilo ndilo lilikuwa tusi letu. Unaona aibu, unabonyeza, unafuta hapo hapo wakiwa wanacheka. Nilifuta nyingi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna aliyenipigia kelele tena, na nikaanza kuwapigia kelele wageni.

Kisha ajira ikatoka. Nilipangiwa Maretadu, kule Mbulu, shule iliyozungukwa na mahindi na maharage pande zote, na nililia siku tatu. Mimi ni mtu wa Morogoro, baridi sikuijua. Nilivaa soksi mbili mbili na kufundisha jiografia ya nchi za baridi nikiwa ninatetemeka, wanafunzi wakinicheka kwa heshima. Baada ya hapo nikahamishiwa Hanang, shule iliyo karibu na Katesh, na hapo ndipo nilipo. Barua za kuomba kuhama nilishaacha kuziandika. Unafika wakati hata kuomba kunachosha.

Kilichoniokoa ni kamera. Jumamosi nilikuwa naiweka begani, napanda bajaji mpaka stendi, natembea. Katesh si Kariakoo, lakini ina barabara kuu ya lami, malori ya Singida, mafundi baiskeli, wanaume wenye shuka na fimbo waliokuja kuuza ng'ombe, vumbi la mwezi wa nane linalofanya mwanga uonekane kama kitu cha kushikika. Nilizipenda zile asubuhi. Kwa saa mbili tatu nilikuwa si madamu wa mtu.

Tatizo lilikuwa watu wenyewe. Kariakoo mtu akiona kamera ananuna, au anakufukuza, au anakupuuza. Huku anajiandaa. Anatua mzigo. Anafunga kifungo cha juu cha shati. Mwenye kofia anaivua, asiye nayo anajipapasa nywele. Kisha anasimama wima, mikono chini, mdomo umefungwa, macho kwenye lenzi, anasubiri. Hatabasamu, picha si jambo la kuchekacheka. Hata muuza miwa atakaa hivyo mpaka umalize, na wateja wake nao watasubiri.

Mimi nilikuwa naona ni usumbufu. Lakini ukikataa kupiga mtu ambaye ameshajipanga, utaonekana una dharau, kwa hiyo nilipiga. Nilibonyeza mara moja kwa adabu, nikasema asante, nikajifanya naondoka. Yeye akishalegea, akainama kuokota mzigo wake, nageuka napiga ile niliyoitaka. Jumapili jioni nilikaa kitandani na kikombe cha chai nikipunguza picha, kwa sababu kadi yenyewe ilikuwa ndogo. Waliotazama kamera niliwafuta wote. Wakati mwingine nilisema "pasipoti" kwa sauti, peke yangu chumbani.

Mama wa maziwa nilimkuta mwaka wangu wa kwanza Hanang. Alitoka Hirbadaw, nyumba ya wafugaji, na Jumamosi alipata lifti ya pikapu mpaka mjini na maziwa mgando kwenye vibuyu viwili virefu na kidumu kimoja. Alikaa chini ya ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, mahali ambapo asubuhi mwanga unapita katikati ya majengo mawili na kuanguka chini kwa upande. Kwa mpiga picha mahali pale ni zawadi. Nilianza kununua maziwa yake ili nipate sababu ya kusimama pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima. Za nyumbani?"

"Nzuri. Ng'ombe wazima."

Kiswahili chake kilikuwa kifupi na lugha yake mimi sikuijua kabisa, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa hayo, na lita moja. Alipima kwa kikombe cha bati, akaongeza kidogo juu, kila mara, bila kuniambia kwamba ameongeza. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu. Mwanzoni sikuyaweza, baadaye nikawa siwezi mengine.

Nilimpiga picha miaka minne. Nilimpiga akimimina, mkono na kibuyu tu, mstari mweupe wa maziwa kwenye giza. Nilipiga kivuli chake ukutani kikiwa kirefu kuliko mlango. Nilipiga mgongo wake akitembea kwenye vumbi. Zile nzuri nilizituma kwenye kundi la wenzangu wa Dar, ambalo siku hizi liko kwenye simu, na walizisifu sana. Mkubwa wetu aliandika kwamba nimekomaa. Nilifurahi siku mbili nzima.

Mara moja, mwanzoni, aliniona nikiwa nimemlenga. Akaweka kibuyu chini, akakivuta kitambaa cha kichwani nyuma, akainuka. Alisimama mbele ya ule ukuta wima kabisa, mikono ubavuni, akanitazama. Nilibonyeza. Aliendelea kusimama kidogo, kama mtu asiye na uhakika kama imeisha, ndipo akaketi akauliza, "Lini?"

"Wiki ijayo, mama."

Wiki iliyofuata aliuliza, na iliyofuata, kisha akawa anauliza mara moja moja, bila kunung'unika, akicheka na meno yake machache. "Mwalimu, picha lini?" Nami nasema wiki ijayo. Ile picha nilikuwa nimeifuta Jumapili ile ile. Ningeweza kumpiga nyingine dakika yoyote, nikaisafishe hapo mjini, nimpe, yaishe. Sikuona haraka. Alikuwa pale kila Jumamosi, na mimi nilikuwa pale kila Jumamosi, na nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na madaftari ya kusahihisha. Hizo ndizo sababu, sina nyingine za kuongeza.

Alhamisi hiyo nilikuwa darasani. Mlinzi alinigongea, akaniambia kuna mgeni. Nje alikuwepo mwanamke wa umri wangu hivi, kanga mabegani, macho mekundu, viatu vimejaa vumbi. Alisema ni binti wa mama wa maziwa, ameolewa Gitting, ameshuka na pikipiki tangu alfajiri. Mama amefariki juzi. Kifua. Wanazika Jumamosi.

Nilimpa pole. Nilimshika mkono na machozi yalinitoka kweli, maana Jumamosi mbili hakuwepo na mimi nilikuwa nimeudhika tu kwamba nitakosa maziwa.

"Nimekuja kwa ajili ya picha, madamu," alisema. "Mama alibatizwa mwaka juzi, kwa hiyo maziko ni ya kanisa, na picha inatakiwa kutangulia mbele ya jeneza. Sisi hatuna hata moja. Kitambulisho alikuwa na namba tu kwenye karatasi, kadi hakuwahi kuifuata. Mimi nilikuwa naye kwenye simu yangu, simu ikaingia maji. Alipozidiwa nilimwambia mama, ngoja nikupige picha. Akakataa kupigwa akiwa kitandani. Akasema nisihangaike, mwalimu wa Katesh anazo nyingi."

Nikamwambia ni kweli, ninazo nyingi. Nilisema haraka, nikaomba ruhusa, tukaenda kwangu. Njiani nilikuwa bado naamini. Mtu hawezi kumpiga mwenzake picha miaka minne akakosa sura yake, ndivyo nilivyojiambia.

Nilimkalisha kwenye kochi, nikafungua kompyuta. Zilikuwa thelathini na kitu. Binti alisogea, akaweka mikono magotini, akawa anatazama moja moja, na alitazama kwa heshima, nitasema hilo. Hakuniharakisha.

"Hiki ni kibuyu chake," alisema. Halafu, "Hapa ni mkono." Halafu, "Huyu ni mama kwa nyuma." Kwenye ile ya kivuli, ile iliyosifiwa Dar, alikaa muda, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. "Hapa sioni kitu, madamu. Ni wapi?"

"Ni kivuli chake."

"Aa. Zenye uso ziko faili jingine?"

Nilifungua mafaili mengine nikijua hayana kitu. Nilifungua mpaka ya Maretadu, ambako huyo mama hakuwahi kukanyaga. Mwisho nikamwambia ukweli: alisimama mara moja nimpige uso mzima, na nilifuta. Aliniuliza kwa nini. Nilitafuta namna ya kumweleza mambo ya Kariakoo, meza, chapati, "pasipoti," nikaacha. Nikasema kadi ilijaa. Huo nao ulikuwa uongo mdogo juu ya ule mkubwa wa wiki ijayo, na aliupokea kwa kuitikia kwa kichwa, akasema haya mambo ya mashine ndivyo yalivyo.

Ilibaki moja ya kujaribia. Mama ameketi chini ya upenu wa duka, ameinama kidogo, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwanga umepiga shavu na kidevu. Kuanzia pua kwenda juu ni giza. Nilikuwa nimeipenda picha hiyo kwa sababu ya giza lenyewe.

Tukaipeleka studio mjini. Mwenye studio ni baba mmoja mtaratibu, mwenye kipara, anayepiga picha za vitambulisho na kuwavisha marehemu suti kwenye kompyuta kwa wanaotaka. Kwanza nilimpa kadi yangu ajaribu kufufua zilizofutwa. Alihangaika karibu saa nzima, akasema hapa picha mpya zimeandikwa juu ya za zamani mara nyingi sana, dada yangu, hakuna kitu. Kisha akaichukua ile ya upenu. Akavuta giza juu, likawa kijivu chenye punje punje, na ndani ya kijivu hakukuwa na macho.

"Msijali," alisema. "Siku hizi kuna programu. Inajaza yenyewe, na rangi inaweka."

Tulikaa kwenye benchi kusubiri. Aliponigeuzia kioo cha kompyuta niliona mwanamke mzuri. Ngozi laini, macho makubwa yanayong'aa, kitambaa kimekuwa cha bluu. Alifanana na watangazaji wa televisheni. Kidevu tu ndicho kilikuwa chake.

Binti alitazama kwa muda mrefu.

"Chale zake ziko wapi?"

Wanawake wa umri wake katika wafugaji hawa walichanjwa wakiwa wasichana, vidoti vidogo vilivyovimba, vikizunguka macho kama fremu ya miwani. Mabinti wao hawana tena. Huyu aliyeketi na mimi uso wake ulikuwa mtupu. Mama wa maziwa alikuwa nazo. Nilijua anazo kama ninavyojua kwamba jirani yangu ana mlango. Na mpaka neno lilipotajwa pale studio, sikuwa nimeziwaza hata mara moja.

"Programu inasafisha ngozi," alisema mwenye studio. "Na kwenye picha yenyewe hazikuonekana. Lakini nitazichora, si kazi. Niambieni tu zilikuwaje. Mistari mingapi? Zinaanzia hapa puani au huku pembeni?"

Binti aliinua kidole akaanza kuchora kwenye uso wake mwenyewe. Alizunguka jicho mara moja. Akazunguka mara ya pili, chini kidogo, akafika shavuni, akasimama. Alirudi mwanzo akaanza tena.

"Ni mbili," alisema. "Au tatu. Chini zilikuwa tatu... Mungu wangu. Sijui." Alijaribu kupiga simu Hirbadaw, kwa mama yake mdogo, lakini haikupatikana, alijaribu tena, ikawa vile vile. "Mama yangu mzazi, na sijui."

Nilitaka kumwambia hakuna mtu anayehesabu uso wa mama yake, wangu pia nisingeweza. Kabla sijasema alinigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Madamu, wewe utajua. Wewe ndiye ulikuwa unamtazama."

Nilifumba macho nikatafuta. Niliuona ukuta. Niliona ule mwanga wa upande ulivyokuwa unaanguka saa mbili na nusu, ulivyokuwa unagusa kwanza kibuyu, kisha mkono. Nilimwona hata amesimama wima, mikono ubavuni, anasubiri nimalize. Juu ya mabega hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kuapa nacho.

"Sijui," nilimwambia. "Nilikuwa natazama mwanga."

Niliposikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilijichukia, na sijaacha. Mwenye studio alijifanya anafuta kioo. Binti aliitikia kwa sauti ndogo, akasema basi asichore, kwa sababu akikosea watu watasema tumemchezea mama. Picha ikasafishwa kubwa, ikawekwa fremu ya dhahabu. Nililipa mimi, aliniruhusu.

Jumamosi nilikwenda Hirbadaw na walimu wenzangu wawili. Upepo ulikuwa mkali mpaka mchungaji akawa anashikilia karatasi zake kwa mikono yote miwili. Picha ilitangulia mbele, imebebwa na mjukuu mkubwa, kisha ikawekwa kwenye stuli karibu na kaburi ili watu wapite. Walipita. Vijana walisema imetoka vizuri. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia kwa kunong'ona kwamba marehemu alikuwa mrembo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Karibu na mwisho aliletwa bibi mmoja mkongwe, ameshikwa mikono na wanawake wawili. Walisema ni rafiki yake, walichanjwa msimu mmoja. Alisimama mbele ya stuli. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na kwa mara ya kwanza nilihesabu: mistari mitatu chini ya jicho, miwili juu, ikikutana pembeni karibu na sikio. Ilinichukua muda mdogo sana kuhesabu.

Bibi aliinama karibu na kioo cha fremu mpaka pua ikakaribia kugusa. Akainuka, akatazama waombolezaji kuzunguka kaburi, akasema jambo kwa lugha yao kwa sauti ya kawaida. Wanawake waliomshika walitazama chini. Nilimsogelea binti, nikamuuliza bibi amesemaje.

"Anauliza huyu ni nani, na picha ya mwenzake iko wapi."

Binti alimwendea yule bibi, akamshika mkono, akamjibu kwa maneno mengi, taratibu, kama unavyomweleza mzazi asiyesikia vizuri. Bibi alisikiliza. Halafu aligeuza shingo akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata, akanitazama usoni, bila ubaya, muda mrefu kuliko nilioweza kuvumilia.

Binti aliporudi nilimuuliza amemjibu nini. Alisita kidogo, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na mimi nilikuwa mgeni kwao.

"Nimemwambia aliyepiga picha hakumjua mama."

Nilimpa mkono wa pole kwa mara nyingine, nikaenda kusimama na walimu wenzangu mpaka kaburi lilipofukiwa.